Peris Kendi na Kilio cha Katuni

Wakenya wa Minneapolis wa miaka ile ya tisini walikuwa wakimwona Peris Kendi anakuja upande wao baada ya ibada, wanajipanga vizuri na kupima maneno. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, hata kidogo. Shida ilikuwa koo lake. Angekusikiliza kidogo tu, halafu jioni, watu wakila pilau kwa rafiki yake Philister, akutoe wewe mzima kinywani mwake: kikohozi chako, kigugumizi chako, hata ule mtindo wako wa kuvuta pumzi kabla ya kusema uongo. Mzee Nahashon, mweka hazina wa kanisa, aliwahi kufika kwa Philister akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka jikoni, inahimiza watu watoe sadaka kwa moyo mkunjufu. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, hajui acheke au anune. Mwishowe alicheka, na akaomba arudiwe tangu mwanzo.

Peris alikuwa ametoka Meru akimfuata mumewe Jairus, aliyekuwa anasoma chuo huko Saint Paul. Yeye akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee pale New Hope, pamoja na Philister na Wakenya wengine tele. Kazi ilikuwa kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadilisha mashuka. Lakini shifti ikipoa kidogo, Peris alichukua kitabu chochote kilichokuwa karibu akawasomea wazee, na kila mtu wa kitabuni akampa sauti yake. Haki, wazee wale walimpenda! Waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na waliokuwa wanasema kutwa wakanyamaza ili wasikie.

Mmoja wao aliitwa Bibi Lindquist. Mwanawe, Mark, mtu mrefu mwenye ndevu za rangi ya karoti, alikuwa akija kumwona kila Jumapili. Siku moja alisimama kwenye korido akidhani mama yake amepata wageni chungu nzima. Alipochungulia, akaona ni mama yake tu amelala, na Peris kando ya kitanda na kitabu.

"Hao wengine wako wapi?" Mark akauliza.

"Wengine gani?" Peris akajibu.

Basi Mark akamweleza. Alikuwa na studio ndogo chini ya jengo la zamani huko Saint Paul, na kazi yake ilikuwa kutia Kiingereza katika katuni za Kijapani. Wajapani walikuwa wameshachora kila kitu na kukisema kwa lugha yao; yeye alitafuta watu wa kusema kwa Kiingereza, pale pale mdomo wa katuni unapofunguka na kufungika. Kanda zikauzwa madukani, vijana wa Amerika wakazinunua. Je, Peris angependa kujaribu?

Peris alifika nyumbani na habari hizo, Jairus akaweka kijiko chini.

"Mzungu. Chumba cha chini ya ardhi. Anataka sauti tu. Kendi, umelogwa?"

Philister naye, alipopigiwa simu, alipiga ukelele. "Shindwe! Hizo ni zile kanda zenyewe, dada yangu! Zile zisizotazamwa mbele ya watoto!"

Jairus akaamua kumsindikiza. Alivaa suti yake ya harusi, akaketi kwenye kochi la studio, mgongo wima, macho hayapepesi. Siku hiyo Peris alipewa kunguru. Kunguru mwenyewe alikuwa mzee, ametua juu ya kibanda cha stesheni, anaitukana treni kwa kuchelewa. Peris akamtoa, na ndani ya huyo kunguru kulikuwa na shangazi wa Jairus mzima mzima, yule wa Nkubu, na Jairus alimtambua papo hapo. Alicheka hadi suti ikakatika kifungo. Mark alilazimika kumwomba atoke nje, kwa maana kicheko chake kilikuwa kinaingia kwenye kanda.

Hivyo ndivyo Peris alivyoingia katika kazi hiyo, siku zake za mapumziko, akipanda basi kutoka New Hope na kushuka mjini kuunganisha la Saint Paul, theluji magotini. Alijifunza mambo yake haraka. Jaketi la baridi unalivua, la sivyo linachakacha. Masikioni unavaa hedifoni, na kabla ya maneno yako zinalia pi, pi, pi. Pale ambapo pi ya nne ingelia, ndipo unapofungua mdomo. Ukimaliza kabla ya katuni au baada yake, unarudia. Tumbo lenye njaa linanguruma, na maikrofoni inasikia kila kitu, kwa hiyo Peris alikula ugali kabla ya kutoka nyumbani. Mark alishangaa ni mwigizaji gani huyu tumbo lake halisemi neno. Peris akamletea ugali na sukuma wiki kwenye bakuli la plastiki. Maskini Mark aliula kwa uma, akausifu sana, na akaomba chumvi.

Lakini kuna kosa alilofanya mwanzoni ambalo ni mtu wa kazi yake tu angelifanya. Mark alimpa binti mfalme, msichana mbichi wa miaka kumi na sita, amesimama dirishani anamsubiri mchumba. Peris akajiambia, hapa lazima niseme Kimarekani. Sasa, Kimarekani chake alikuwa amejifunza kwa nani? Kwa wazee wa New Hope, watu waliozaliwa mashambani huko kaskazini na kukamua ng'ombe kwenye baridi, wanaovuta maneno kama kamba na kushusha pumzi mwisho wa kila sentensi. Pi, pi, pi, binti mfalme akafungua mdomo, akatoka Bibi Lindquist. Mark aliinamia mitambo yake, mabega yakitikisika.

"Peris," alisema alipoweza kusema, "huyo ni mama yangu."

Basi mwaka mzima alipewa mabibi tu: mabibi wachawi, mabibi wapole, bibi mmoja aliyekuwa mti. Philister alimwambia, "Watu wanakuja Amerika kutafuta maendeleo, wewe umekuja kuwa mchawi." Lakini Peris hakuwa mtu wa kukubali kuzeeshwa hivyo. Akaanza kusikiliza watoto. Pale kanisani kulikuwa na darasa la Jumapili lenye watoto wa Wakenya, wale ambao unawaambia "njoo hapa" kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza huku wakikimbilia upande mwingine. Peris akajitolea kuwafundisha. Alitoka na mafungu ya Biblia, sawa, lakini zaidi alitoka na vile wanavyolalamika, wanavyonong'ona, wanavyojitetea wakikamatwa.

Mark alipoleta katuni mpya ya mvulana aitwaye Jiro, alijaribu waigizaji wengi kabla ya Peris. Huko kwenye katuni ni jambo la kawaida mwanamke kumsemea mvulana, maana sauti ya mtoto wa kweli huvunjika kabla kazi haijaisha. Jiro alikuwa na miaka tisa, anaishi na mama yake mlimani katika stesheni ambayo treni haisimami tena. Kila kanda ilikuwa na kisa chake: Jiro na mbuzi, Jiro na mgeni aliyepotea, Jiro na jino lililogoma kutoka. Peris alipofungua mdomo, kila mtu studioni aligeuka kumtafuta mtoto.

Alimpenda mvulana yule. Lazima tuseme wazi, kwa sababu Jairus mwenyewe alilisema mezani, nusu kwa utani. Walikuwa wameoana miaka kadhaa na hawajajaliwa mtoto, na hapo ndani ya nyumba akawapo Jiro. Peris akipika, Jiro ndiye aliyeuliza chakula kiko wapi. Jairus akichelewa kutoka chuo, Jiro ndiye aliyemgombeza mlangoni. Mwisho wa kila kanda majina yalipopita, Jairus aliisimamisha video pale pale, "Peris Kendi" ikitetemeka kwenye skrini, akawaita majirani waje kushuhudia.

Halafu ikaja kanda ya mwisho ya mfululizo ule.

Mark alimpa maandishi yake wiki moja kabla, kama kawaida. Peris aliyasoma kwenye basi. Mama wa Jiro anaugua. Mama wa Jiro anakufa. Jiro anatoka mbio, anapanda hadi kwenye ukingo wa mlima, anafungua mdomo na kulia akimtaja mama yake, mpaka jua linazama. Peris alikunja karatasi zile akazitia mkobani.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia. Alikuwa kaka yake Francis kutoka Meru. Presha ya mama imepanda, ameanguka shambani, wamemlaza hospitali. Anaongea lakini kidogo. Tuombeane.

Sasa, kwao Peris mtu aliye hai haliliwi. Mama yake, Blandina, hakuwa mtu wa ushirikina. Alikuwa mwanamke wa kanisa, anayetandika altare. Lakini kuhusu hilo hakuwa na mchezo. Peris akiwa mdogo, yeye na Francis waliwahi kucheza matanga. Walimzika mdoli wa gunzi la mahindi, wakamwita "mama", wakamlilia kwa sauti kama walivyoona watu wazima wakifanya. Blandina aliwasikia kutoka kwenye zizi. Alikuja na fimbo ya kuchungia, na walichapwa siku hiyo hadi wakapata kitu cha kulilia kweli. "Kilio ni cha waliokwenda," aliwaambia. "Ukimlilia mtu angali anapumua, unamfungulia mlango atoke." Na baada ya kuwachapa akakaa chini akawakumbatia wote wawili.

Peris akampigia Mark simu, akamwambia hataweza.

Mark alikuwa mtu mwema na alijitahidi kuelewa. Alipoambiwa mama yuko hospitali, alisema wangoje. Alipoambiwa kwamba si huzuni, ni kwamba hawezi kumlilia mama aliye hai, aliomba aelezwe tena. Kisha akaeleza upande wake, naye hakudanganya. Wenye katuni wanataka kanda hiyo mwisho wa wiki. Mfululizo wa pili unakuja, Jiro akiwa mkubwa kidogo, na atakayelia katika kanda hii ndiye atakayeendelea naye, kwani hawawezi kubadilisha sauti huku na huku. Kuna mwigizaji mwingine yuko tayari. "Nitakungoja hadi Alhamisi," alisema. "Sitaki kumpa mtu mwingine, Peris. Lakini itanibidi."

Nyumba ikawa na baraza. Jairus alisema, "Kendi, ni katuni. Ni rangi tu. Mama wa Jiro hana hata damu."

"Sauti si katuni," Peris akasema. "Sauti ni yangu. Na mama nitakayemwita ni nani? Ninaye mmoja."

Philister alisema wakemee hiyo roho ya woga, halafu Peris aingie akalie kwa jina la Yesu, mambo yaishe. Lakini alipoulizwa kama yeye angemlilia mama yake aliye Kisii, Philister alijishughulisha na vyombo. Watu wa kanisa waligawanyika. Peris alisikiliza wote na hakuiga hata mmoja, na hapo Jairus ndipo alipojua kwamba mambo yameharibika kweli.

Alhamisi, Peris alikwenda Saint Paul kuaga. Kwake, kazi haiachwi kwa simu, na mtu aliyekula ugali wako unamtazama usoni. Alimletea Mark chapati zilizofungwa kwa foili. Jiro alikuwa kwenye skrini, amesimamishwa ukingoni mwa mlima, mgongo kwetu. Peris alimtazama, na machozi yakaanza kumlenga, akayafukuza kwa hasira.

"Nataka kumwona mara moja tu kabla sijaenda," alisema. "Lakini ile sauti ya Kijapani uitoe. Yule mama wa Kijapani anayemsemea analia vizuri mno, inanikata maini."

Mark akaizima sauti, akaachia picha.

Kumbe hakuwahi kumwona Jiro bila sauti. Mtoto alikimbia kimya, akafika ukingoni, akasimama. Mbele yake bonde, na ng'ambo ya bonde mlima mwingine, na juu yake vishamba vidogo vimebandikwa mteremkoni. Akafungua mdomo wote. Akaufunga. Akainua kichwa, kama anayesikiliza. Akafungua tena, kwa muda mrefu zaidi.

Peris akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Rudisha."

Mark akarudisha.

"Huyu halii," Peris akasema. "Ai! Mark, huyu mtoto halii. Huyu anaita."

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa macho ya mtu wa Meru. Kwao nyumba iko ukingo mmoja na shamba liko ukingo wa pili, mto katikati. Chakula kikiiva, mgeni akifika, ndama akizaliwa, mtoto hutumwa ukingoni kumwita mama. Si kupiga kelele ovyo. Unaitoa sauti kutoka tumboni, unaivuta iwe nyembamba ipate kuvuka, halafu unanyamaza na kuinua kichwa, usikie kama amejibu. Asipojibu unaita tena, ndefu zaidi. Peris alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu alipoweza kusimama. Hakuna aliyewahi kumwita mama yake namna hiyo ili afe. Anaitwa ili aje nyumbani.

Alivua jaketi. Akavaa hedifoni. Pi, pi, pi.

Mara ya kwanza bomba la kupasha jengo joto liligonga ukutani likaharibu kila kitu, na Mark alisema neno ambalo kanisani halisemwi. Mara ya pili Peris alifumba macho. Alimwona Blandina ng'ambo ya mto, ameinama, kitambaa cha kichwani kimechakaa, jembe mkononi. Akamwita. Neno lenyewe lilikuwa moja, Mama, na Waingereza, Wajapani na Wameru wote wanalijua. Akaliita likavuka, akanyamaza, akainua kichwa. Akaita tena. Mdomo wa Jiro ulifungika pamoja na wake, na studioni hakuna aliyetikisika hadi picha ilipokuwa nyeusi.

Mark alivua hedifoni akajifuta ndevu kwa mkono. Aliuliza kama wajaribu moja yenye kilio, kwa tahadhari tu, ili wenye katuni wachague.

"Hapana," Peris akasema.

"Sawa," Mark akasema. Akala chapati.

Wenye katuni hawakulalamika. Mfululizo wa pili ulipokuja, Jiro alibaki wa Peris. Na Blandina alitoka hospitali, akapunguziwa chumvi, akaanza kugombana na Francis kuhusu nani alimruhusu mtu ampunguzie chumvi. Peris hakumwambia lolote juu ya kanda ile. Alimwambia tu kwamba anasoma vitabu kwa sauti na Wazungu wanamlipa, na Blandina alisema Wazungu ni watu wa ajabu.

Mwaka wa 1998 Peris akajaliwa, mtoto wa kike, Jairus akazunguka New Hope nzima akitangaza kana kwamba amezaa yeye. Blandina aliombewa viza, ikakataliwa, ikaombwa tena, ikatoka. Alishuka uwanja wa ndege kiangazi hicho amebeba njahi, yale maharage meusi wanayopikiwa waliojifungua, na unga wa uji wa wimbi wa kumwongezea mzazi maziwa, akamnyang'anya Jairus mtoto, na tangu hapo Jairus akawa anaomba ruhusa kumshika binti yake.

Jumamosi moja kanisa zima lilikuja kumwona mtoto. Blandina alikuwa bafuni na mlango umerudishwa, anamwogesha mjukuu wake jinsi anavyojua yeye. Sebuleni Philister alikuwa anagawa chai, Mzee Nahashon amekalia kiti kizuri, na Jairus, ambaye hajawahi kuona wageni asiwaonyeshe kanda, akatia ile ya mwisho kwenye mashine na kuongeza sauti hadi kikomo. Peris alikuwa jikoni, akakumbuka kwamba mama yake hajui habari za kanda ile, lakini alikuwa amechelewa. Jiro alishafika ukingoni.

"Mamaaaa!"

Na kutoka bafuni, ndefu, nyembamba, kwa Kimeru, ile sauti inayovuka mto, ikajibu:

"Nimesikia! Nakuja!"

Mlango ukafunguka. Blandina akatokea amekunja mikono ya blauzi, povu hadi kwenye viwiko, mjukuu ndani ya taulo kifuani. Aliangalia sebule iliyojaa watu, na mvulana wa Kijapani kwenye televisheni aliyeinua kichwa anasikiliza. Hakumjali. Alipita moja kwa moja hadi jikoni.

"Kendi. Unaniita kwa sauti hiyo na niko hapa hapa ndani ya nyumba? Kuna nini?"

Peris alijaribu kujibu, koo likamgomea, lile koo lake. Akamshika mama yake kwa mikono miwili, mama na mtoto na taulo na povu, akaangua kilio ambacho hakuwa amekitoa studioni wala kwenye simu wala mahali popote, kikubwa, mbele ya kanisa zima.

Blandina akasimama wima, uso umebadilika.

"Kendi! Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama," Peris akasema, na akazidi kulia. "Hakuna mtu."